Udhu wa Bwawani

Maalim Gharib hakuinuka kutoka kwenye sijda.

Watoto wa madrasa waliokuwa wakisali nyuma yake walidhani anairefusha. Alikuwa na desturi hiyo siku nyingine, na wapo waliofurahi, kwa sababu sijda ndefu ya alasiri ni nafasi ya kufumba macho kidogo baada ya mchana wa shule. Wakangoja. Mtoto mmoja akakohoa, mwingine akamfinya jirani yake, kicheko kikabanwa puani. Kisha wakaisikia sauti ya Maalim, lakini haikuwa takbiri.

"Yallah," alisema kwa sauti ndogo. "Inuka."

Alikuwa akiiambia miguu yake.

Akajaribu kujisukuma kwa mikono, akaangukia ubavu, kilemba kikamtoka. Watoto wakabaki hivyo hivyo, wengine vipaji vya nyuso chini, wengine wamekwisha kuinua vichwa, hawajui kama sala ingaliko au imekatika.

"Kila mmoja amalize peke yake," aliwaambia akiwa amelala pale pale. Alipowasikia wametoa salamu, alitaka kuwaita wamsaidie. Ndipo alipoona kanzu yake imelowa kuanzia kiunoni, na yeye hakuwa amehisi chochote.

"Tokeni kwa mlango wa nyuma," alisema. "Na mtu asigeuke."

Hakuna aliyegeuka. Lakini watoto ni watoto, na kabla ya magharibi mtaa mzima wa Kuze ulikuwa unajua kwamba Maalim Gharib ameanguka katika sala na amejikojolea.

*

Mamake, Bi Khairiya, alimlaza kwenye kitanda cha kamba sebuleni, akamsugua mafuta ya habasoda kuanzia nyonga mpaka nyayo.

"Mguu huu wausikia?" aliuliza akimfinya kidole gumba.

"Sisikii."

"Na huu?"

"Mama, huo ni ule ule."

"Haya, na huu wa pili."

"Sisikii."

Bi Khairiya alijifuta mikono kwa leso, akamtazama mkaza mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Nyevu alitoka kijiji kimoja huko nyuma ya Kinango. Miaka minne ya ndoa ilikuwa haijamfanya mtu wa Kuze machoni pa mavyaa wake, na kutopata mtoto kulizidisha umbali huo.

"Mwanangu alitoka hapa Shaabani kwenda kwenu kusomesha," Bi Khairiya alisema. "Alikwenda kwa miguu yake miwili."

"Na alirudi kwa miguu yake miwili, mama," Nyevu alijibu.

"Usinijibu."

"Sijajibu. Nimehesabu tu."

"Nakwambia kuna kitu kilichomshika huko. Kuna mtu hakupenda kuona mtu wa Mvita mwenye elimu yake amekaa mbele za watu. Nyinyi wenyewe mwajijua."

Gharib alifumba macho. Jioni hiyo shehe mmoja alimwandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi, naye akayanywa kwa imani yake yote. Asubuhi miguu ilikuwa vile vile. Mkojo, ambao jana ulitoka wenyewe, sasa haukutaka kutoka kabisa, na tumbo lilikuwa limejaa likawa gumu kama dafu.

Lilikuwako jambo moja ambalo hakumwambia mamake, wala shehe, wala mkewe. Tangu Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, kila alipomaliza kukojoa, matone ya mwisho yalikuwa ya damu. Alipoyaona mara ya kwanza alishika ukuta wa choo. Katika mitaa ya Mji wa Kale, kijana anayekojoa damu husemwa kwa neno moja tu, na neno hilo lina mwanamke wa nje ndani yake. Gharib hakuwahi kumgusa mwanamke yeyote ila Nyevu. Aliligeuza jambo hilo kila upande, na kila upande lilimfikisha mahali pamoja. Ikiwa maradhi haya ni ya zinaa, na yeye hakuzini, basi.

Hakuimaliza fikra hiyo hata siku moja. Alimpenda. Akaamua kumsitiri. Alihamia kulala sebuleni, akasema mgongo unamuuma, na baada ya muda mgongo ukaanza kumuuma kweli.

*

Gari haliingii katika vichochoro vya Kuze. Aliyepatikana kumfikisha Gharib barabarani ni Joab, kijana wa Siaya anayeuza maji kwa mkokoteni. Alishusha madumu yake yote mbele ya mlango, akatandika gunia, na juu ya gunia Bi Khairiya akatandika mkeka wa kusalia, kisha akauondoa, kisha akautandika tena.

"Maalim, shika hapa kando," Joab alisema. "Kona ya msikiti ni mbaya. Hapo hata dumu huanguka."

"Nikianguka utaniokota?"

"Nitakuokota. Wewe humwagiki."

Gharib alicheka, na Joab akafurahi kwamba amecheka. Lakini kwenye baraza ya pili vijana waliokuwa wakinywa kahawa walinyamaza mkokoteni ulipopita, kisha mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, "Leo Maalim ndiye dumu." Wakainamia vikombe vyao. Wawili kati yao Gharib ndiye aliyewasomesha alifu. Aliwatolea salamu, nao wakaitikia, kwa sababu salamu haiachwi.

Hospitalini walipokelewa na Daktari Awino, mwanamke mwembamba ambaye Bi Khairiya alimkadiria kuwa mdogo kuliko mkaza mwanawe. Alimgonga Gharib magotini kwa kinyundo, akamkwaruza nyayo kwa ufunguo, akamwambia afumbe macho na aseme anapoguswa. Gharib alifumba macho, akangoja kuguswa. Alipofumbua, daktari alikuwa amekwisha kumgusa pote.

Wakamtia mpira wa mkojo. Mfuko ulipojaa, Gharib alishukuru kwa sauti, na papo hapo akageukia ukutani.

"Nitamuuliza maswali," daktari alisema. "Ingefaa tubaki mimi na yeye."

"Mimi ndiye niliyemzaa," Bi Khairiya alisema. "Uliza."

Daktari aliuliza juu ya mgongo, juu ya homa, juu ya kikohozi. Akasema atapimwa kifua kikuu, na kaswende, na ukimwi.

"Mwanangu ni mwalimu wa Kurani."

"Nimeambiwa, mama. Tunampima kila anayekuja na miguu kama hii."

"Wapimeni wengine, basi."

"Mama," Gharib alisema, "niache nipimwe."

"Umesafiri miezi ya karibuni, Maalim?"

"Alikwenda shamba," Bi Khairiya alidakia. "Kwao huyu." Hakumwelekeza Nyevu kidole. Alielekeza kidevu.

"Huko uliogelea? Mtoni, bwawani?"

"Mtu mzima aogelee bwawani na watoto?" Bi Khairiya aliuliza.

"Nilikuwa nikioga uani kwa shemeji yangu," Gharib alisema. "Maji ya kisima, ndani ya ndoo." Na hilo lilikuwa kweli.

Daktari aliandika, kisha akauliza swali la mwisho bila kuinua uso. "Umewahi kukojoa damu?"

Gharib aliwatazama wanawake wawili. Mamake alikuwa ameushika ukingo wa kitanda. Nyevu alikuwa mlangoni, mikono imekunjwa ndani ya leso. Alimtazama Nyevu kwa muda, na Nyevu akadhani anaomba maji.

"La," alisema.

"Hata matone?"

"Nimesema la, daktari."

Picha ya mifupa haikuonyesha mfupa ulioharibika. Damu yake haikuwa na lolote kati ya yale mamake aliyoyaogopa, na Bi Khairiya aliwatangazia hata wagonjwa wa vitanda vya jirani. Gharib hakutulia, kwani maradhi ya zinaa ni mengi kuliko hayo yaliyopimwa. Iliyobaki ilikuwa picha ya mashine kubwa, ile ya kuona ndani ya uti wa mgongo, na ya kulipia hiyo ilibidi jamaa wa msikiti wachangishane baada ya sala ya Ijumaa. Jina la Gharib lilisomwa kwenye kipaza sauti pamoja na maradhi yake. Picha ilipotoka, ilionyesha uvimbe mdogo sehemu ya chini ya uti, mahali zinapoanzia neva za miguu na kibofu.

"Uvimbe wa nini?" Gharib aliuliza.

"Ndicho ninachokitafuta," Daktari Awino alisema. "Huenda ni kifua kikuu cha uti. Huenda ni kitu kingine. Nimewauliza wakubwa wangu, kila mmoja ana lake. Sitaki kukudanganya, Maalim. Bado sijui."

Neno hilo, kudanganya, lilimkaa Gharib kifuani mchana kutwa.

*

Nyevu alikuja saa ya wageni, peke yake. Alikuwa ameleta uji wa wimbi ndani ya chupa ya chai, na viazi vya karai ambavyo Gharib hakuvigusa. Muuguzi alikuwa amemfundisha kumwaga mfuko wa mkojo. Alichuchumaa kando ya kitanda, akafungua kizibo, akaacha mkojo umwagike kwenye ndoo. Mwisho wake ulitoka na wekundu hafifu, kama maji yaliyosuuza nyama.

Gharib aliuona uso wake ukitazama wekundu ule. Akajua kwamba sasa yamefika.

"Wamesema ni mkwaruzo wa mpira," aliharakisha kusema.

Nyevu akacheka. Hakuwa amecheka tangu siku ya mkokoteni, na kicheko kilimtoka bila kukipanga.

"Mkwaruzo gani? Mtu mzima na ndevu zako, una kichocho cha watoto."

"Nini?"

"Kichocho. Nilikiona zamani kwenye nguo zako, nilipokuwa nikifua. Nikasema, haya, Maalim naye amekuwa mvulana wa kwetu. Kaka zangu wote walikojoa hivi. Chirau alipoanza, wenzake walimpigia makofi, wakamwambia sasa umekua. Hupita wenyewe."

"Uliniona, na hukusema?"

"Niseme nini? Mtu akiwa na mafua aambiwe ana mafua?"

Gharib alilala akitazama dari. Kwanza alihisi wepesi, wepesi mkubwa kiasi kwamba aliogopa angelia mbele ya watu. Kisha haya ikamjia taratibu, kuanzia masikioni.

"Nyevu," alisema. "Mimi nilidhani ni maradhi yale mengine. Ya zinaa."

Nyevu alikuwa akifunga kizibo. Mikono yake ikasimama.

"Wewe ulizini?"

"Astaghfirullahi. Sijamgusa mtu ila wewe."

Alimwona akihesabu, kama alivyohesabu yeye, hatua kwa hatua, mpaka akafika mahali pale pale. Nyevu alisimama na ndoo mkononi. Akaenda kuimwaga, akakawia, akarudi, akaiweka chini ya kitanda kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Ndiyo maana ulihamia sebuleni," alisema.

"Nilikuwa nakusitiri."

"Ulikuwa unanisitiri kwa nisilolifanya."

"Nilichanganyikiwa. Sikujua niulize vipi."

"Kwa mdomo, Gharib." Hakuwahi kumwita jina tangu siku aliyoolewa. "Kwa mdomo huo huo unaosomeshea watu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akajifanya amelala.

"Na mimi nilidhani mama anakutafutia mke," Nyevu alisema baadaye.

"Anatafuta. Mimi ndiye sikukubali."

"Alikuwa nani?"

"Mtu wa Kibokoni. Sikumwona."

"Mrembo?"

"Nimekwambia sikumwona."

Nyevu alimimina uji kikombeni, akaupuliza kwa hasira, akampa. Hakumsamehe mchana huo. Lakini alikaa mpaka kengele ya wageni ilipopigwa, na alipoondoka alivichukua viazi vyake, kwa sababu hakutaka vikae pale vikimngoja mtu ambaye hakustahili.

Hakuna kati yao aliyefikiria miguu. Kwao Nyevu kichocho kilikuwa jambo la kibofu na la ujana, kama chunusi. Gharib naye alikuwa amejawa na furaha na fedheha kwa pamoja, na hapakuwa na nafasi ya fikra ya tatu.

*

Asubuhi Daktari Awino alipopita vitandani, Gharib alimwomba asogee karibu.

"Siku ile nilikuambia uongo," alisema. "Uliniuliza kama nimekojoa damu, nikasema la. Nimekojoa. Naomba radhi. Sisemi kwa sababu ni jambo kubwa. Ni kichocho tu, mke wangu ameniambia. Nasema kwa sababu mimi nasomesha watoto wasiseme uongo, na sikupenda wewe uondoke na huo wangu."

Daktari alikuwa tayari ameanza kuondoka, akiwa na tabasamu la mtu aliyeombwa radhi kwa jambo dogo. Akasimama. Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakawa yamehama.

"Rudia, Maalim. Tangu lini?"

"Mfunguo Pili. Kabla ya mgongo kuuma."

"Na bwawani uliniambia hukuingia."

"Sikuoga bwawani."

"Lakini kuna maji ya bwawa yaliyokugusa?"

Bi Khairiya alikuwa ndiyo kwanza anafika na chupa yake ya chai ya tangawizi. Alisimama nyuma ya daktari, asijue mazungumzo yamefika wapi.

"Nilitawadha," Gharib alisema. "Msikiti wao uko kando ya bwawa. Bomba la kisima cha msikiti lilikuwa limeharibika. Kila sala tulishuka na watoto, tukakanyaga majini, tukatawadha. Mwezi wote wa Shaabani."

Mkojo wake ulichukuliwa adhuhuri, saa ambayo, alivyosema daktari, mayai hutoka kwa wingi. Adhana ilikuwa ikiadhiniwa mjini wakati mhudumu akiondoka na kichupa. Kabla ya alasiri Daktari Awino alirudi na simu mkononi, akawaonyesha picha aliyoipiga kwenye darubini ya maabara. Lilikuwa yai, jembamba upande mmoja kama punje ya mtama iliyokauka, na nchani lilikuwa na mwiba mdogo.

"Vijidudu hutoka kwa konokono wa bwawani, hupenya ngozi ya anayekanyaga majini, vikakua kuwa minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu," alisema. "Inataga. Mayai mengi hutokea kwenye mkojo, na ndiyo damu uliyoiona. Machache hupotea njia. Yakipotea yakapanda kwenye uti wa mgongo, mwili huyavimbia, na uvimbe unabana neva za miguu. Si jambo la kila siku. Watu wengi wana kichocho na miguu yao haina neno."

"Basi kwa nini mimi?" Gharib aliuliza.

"Sijui."

Bi Khairiya alikuwa ameiweka chupa ya chai sakafuni. "Nisubirini kidogo," alisema. "Mwataka kuniambia mwanangu ameugua kwa kutawadha? Udhu umemvunja miguu?"

Daktari aliitia simu mfukoni. Alikuwa amelelewa kanisani, na aliona wazi kwamba hapa angeweza kukanyaga pabaya kwa neno moja.

"Hakusema udhu, mama," Gharib alisema. "Amesema maji."

"Maji ni tohara. Wewe mwenyewe ndiwe usomeshaye. Maji mengi hayanajisiki, si ndivyo? Bwawa zima hilo."

"Ndivyo nilivyowasomesha." Alisema polepole, kama mtu anayepapasa gizani. "Ni tohara. Nasikia bado ni tohara. Lakini yana konokono, na konokono wana hawa wadudu. Sijui, mama. Naona yote mawili ni kweli, na sijui yanakaaje pamoja."

Bi Khairiya alikaa kitini. Siku zote hizi alikuwa na hakika kwamba kitu kilimshika mwanawe kule kwao Nyevu. Sasa aliambiwa kwamba ni kweli, kilimshika kule kule, naye hakupata furaha yoyote ya kuwa na haki. Alimtafuta Nyevu kwa macho, akamwona amefika na kusimama miguuni pa kitanda. Akaiokota chupa sakafuni. Alimpa kikombe cha chai, cha kwanza, kabla ya kumpa mwanawe.

Vidonge vya kichocho vilikuwa vikubwa na vichungu, na pamoja navyo Gharib alipewa dawa ya kupunguza uvimbe.

"Nitatembea?" alimuuliza daktari.

"Wengine wametembea. Wengine wamepata nusu. Tumechelewa kiasi, hatujachelewa kabisa. Ungeniambia siku ile ya kwanza," alisema, kisha akaona uso wake, akaacha.

*

Kabla ya kutoka hospitalini, Gharib aliomba simu. Nyevu alimpigia kakake Chirau, akamwekea sikioni, lakini Chirau ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, na wote watatu waliokuwa karibu walimsikia.

"Shemeji, pole sana. Nyevu ameniambia. Kichocho cha kuangusha mtu mzima, hicho hatujakiona huku."

"Chirau, watoto wangali wanatawadha bwawani?"

"Watatawadha wapi? Bomba liko vile ulivyoliacha."

"Na damu?"

"Damu gani?"

"Kwenye mkojo."

Chirau alicheka. "Shemeji, ukimuuliza mvulana wa huku kama akojoa damu, ni kama kumuuliza kama ana kitovu."

"Daktari amekwisha kuzungumza na watu wa afya wa huko. Watakuja na vidonge. Lakini wakirudi majini watakipata tena. Waambie wasitawadhe bwawani mpaka bomba litengenezwe."

"Wasali bila udhu?"

"Watayamamu. Kwa mchanga. Maji yakiwa yanadhuru, mchanga unatosha. Si mimi niliyeyasema haya, ni sheria."

Upande wa pili mbuzi walikuwa wakilia.

"Shemeji, nikuulize. Bwawa liko hapo, limejaa, mtu aona uso wake. Nami niwaambie wapake mchanga. Watanicheka. Watasema Maalim wa Mombasa amepotea."

"Wacheke."

"Na wazee watataka sababu."

Gharib alimtazama mamake. Bi Khairiya alijua analotaka kusema, akatikisa kichwa kidogo sana. Jina la mwanawe lilikwisha kusomwa kwenye kipaza sauti. Hilo la miguu lilitosha. Lakini mkojo ni mkojo.

"Waambie Maalim Gharib alikojoa damu, akaona haya, akanyamaza," alisema. "Waambie miguu yake haitembei, na mkojo wake unatoka kwa mpira. Taja jina langu. Usiseme mtu fulani."

Bi Khairiya alijifunika mdomo kwa leso.

"Na kuogelea je?" Chirau aliuliza, sasa bila kicheko. "Watoto hawa ni samaki. Udhu nitauzuia. Kuogelea nani atakuzuia?"

"Hilo nitakuja kuwaambia mwenyewe."

"Kwa miguu gani, shemeji?"

Gharib alifikiri. "Kwa mkokoteni," alisema.

*

Nyumbani Kuze, Bi Khairiya alitoa amri kwamba hakuna tone la maji litakalomgusa mwanawe bila kuchemshwa. Nyevu alimweleza kwamba maji ya Joab ni ya mfereji, hayana konokono. Joab mwenyewe alimwapia mlangoni. Haikusaidia. Sufuria iliwekwa jikoni kabla ya kila sala, ikachemka, ikapozwa, ikaletwa sebuleni. Mpira ulikuwa umetolewa, na mkojo ulikuwa ukija kwa taabu, lakini ukija alipotaka yeye. Watoto wa madrasa walianza kuletwa nyumbani wasomee pale pale barazani. Si wote. Wazazi wengine walisema wanangoja apone vizuri.

Miguu ilikuwa bado imelala. Gharib alikuwa ameketi kitini, miguu ndani ya beseni, na Nyevu alimmiminia kwa kata. Mikono, kinywa, pua, uso, mikono mpaka viwiko, kichwa. Yote hayo kwa maji ya vuguvugu ya sufuria. Miguu ndiyo ya mwisho.

Gesi ilikuwa ikiisha upesi. Na miguu haikujua tofauti. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza Nyevu alikuwa na ujanja wake mdogo, ambao hakumwambia mtu. Ilipofika zamu ya miguu alichota kutoka kwenye dumu lililokuwa nyuma ya mlango, maji yaliyolala usiku kucha kwenye sakafu ya mawe, akammiminia hayo, naye Gharib akainama akajisugua vidole kwa mkono wake huku midomo ikisoma.

Siku hiyo alichota hivyo hivyo, akamimina hivyo hivyo, akili yake iko kwenye mboga alizoziacha jikoni.

"Nyevu."

"Labeka."

"Mbona waniwekea maji ya baridi?"

Nyevu aliona haya kama mtu aliyefumaniwa mkono ndani ya chungu. "Si kwamba nimepuuza," alianza haraka. "Mtungi wa gesi ni ule ule wa mwezi jana, na mimi niliona, maadamu mguu wenyewe haus..."

Kata ilikuwa imebaki hewani, inadondoka. Alimtazama usoni, na Gharib alikuwa amekunja uso vile vile, akingoja ajitetee. Bado alikuwa hajakisikia mwenyewe alichosema.

"Baridi wapi?" aliuliza kwa sauti iliyokuwa karibu haipo.

"Hapo."

"Hapo wapi, Maalim? Nionyeshe."

"Hapo, chini ya..." Aliushusha mkono kuonyesha, mkono ukafika kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, ukatua pale, ukakaa.

Kutoka jikoni Bi Khairiya aliuliza kwa sauti mbona kimya, na kama maji yametosha.

"Mimina tena," Gharib alisema. "Hayo hayo."